Zaidi Kuliko Nani?

Kila mwalimu wa Kiingereza katika nchi zetu analijua jedwali lenye safu tatu. Safu ya kwanza ina "tall", ya pili "taller", ya tatu "tallest". Chini yake huandikwa tafsiri: refu, refu zaidi, refu zaidi kuliko wote. Darasa huziimba safu hizo kwa sauti moja, kengele hulia, na somo la kulinganisha kwa vivumishi huhesabiwa kuwa limekwisha. Kwa miaka mingi nilikaa nyuma ya madarasa nikiwatazama wanachuo wa ualimu wakilichora jedwali hilo katika mazoezi yao ya kufundisha, kila mmoja kama alivyochorewa na mwalimu wake.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba jedwali hilo, na hasa ule mstari wake wa Kiswahili, limeziumiza lugha zote mbili. Upande wa Kiingereza limetuletea "more better" na "more big". Upande wa Kiswahili limetuletea "mshairi mkubwa zaidi" na "riwaya nzuri zaidi", maneno yanayotamkwa bila mtu kuuliza: zaidi kuliko nani? Makosa haya mawili hukemewa katika vyumba mbalimbali, la kwanza na mwalimu wa Kiingereza, la pili na mhariri wa Kiswahili, ilhali mzizi wake ni mmoja. Tumemfundisha mtoto kwamba "-er" maana yake ni "zaidi", naye ametuamini.

Tuanze na Kiingereza chenyewe, kwa kuwa hakiwezi kufundishwa vyema na asiyejua kwa nini kiko kilivyo. Lugha hiyo ina njia mbili za kulinganisha, na umri wa njia hizo haulingani. Ya kwanza ni ya kale: kivumishi huongezewa viambishi tamati "-er" na "-est". Huu ni urithi ambao Kiingereza hushirikiana na Kijerumani na Kiholanzi, ndugu zake wa damu. Ya pili ni ya baadaye: kivumishi huachwa kama kilivyo, kikatanguliwa na "more" au "most". Njia hii ilianza kuenea tangu karne ya 13, zama ambazo Kiingereza kilikuwa kimeishi kwa muda mrefu chini ya kivuli cha Kifaransa, lugha inayolinganisha kwa kutanguliza neno "plus". Maneno mafupi ya nyumbani, kama "old", "sweet" na "hard", yakabaki na viambishi vyao. Maneno marefu, mengi yao yakiwa wageni kutoka Kifaransa na Kilatini, yakachukua "more" na "most".

Pembeni yakabaki machache yasiyofuata njia yoyote. "Better" si mtoto wa "good" wala "worse" si mtoto wa "bad". Ni maneno ya mizizi tofauti yaliyooana zamani sana. Kilatini nacho kina "bonus", "melior" na "optimus", matatu yasiyofanana hata kwa herufi. Mwanafunzi asidhani kwamba huu ni ukaidi wa Waingereza peke yao. Hata sisi, tunapotaka kusema kwamba jambo hili linafaa kuliko lile, mara nyingi tunaliweka kando neno "zuri" na kuchukua "heri", "afadhali" au "bora". Nani aliyewahi kusema "Uzuri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi"? Husemwa heri.

Kanuni ya kuchagua kati ya kiambishi na "more" ni kanuni ya mizani, na hapa ndipo washairi wa Kiswahili wangepaswa kuwa walimu wa wengine. Kivumishi chenye silabi moja huchukua "-er" na "-est". Chenye silabi tatu au zaidi huchukua "more" na "most". Penye silabi mbili ndipo penye mabishano. Vinavyoishia kwa "-y", kama "happy", "easy" na "heavy", hufuata njia ya kale, na "y" hugeuka "i". Vinavyoishia kwa "-ful", "-less", "-ing" na "-ed", kama "useful", "hopeless", "boring" na "worried", hufuata njia mpya. Vingine, mathalani "simple", "narrow" na "clever", husikika kwa njia zote mbili. Kisha kuna vipingamizi: "unhappy" ina silabi tatu lakini hukubali "unhappier", kwa sababu "un-" imempanda tu "happy" mgongoni, na "real", ijapokuwa ni fupi, hupendelea "more".

Kanuni hii ni nyepesi kwa ajuaye kuhesabu mizani ya Kiingereza. Tatizo ni kwamba mtoto wetu huhesabu kwa sikio la Kiswahili, na sikio hilo limezoea silabi inayoishia kwa irabu. Neno "big" hulisikia kama "bigi", mizani mbili. "Large" huwa "laji", mbili tena. "Strange", ambalo kwa Mwingereza ni silabi moja tu, kwetu huweza kufika mizani nne tukiligawa kwa haki: si-tre-i-nji. Mtoto huyo akiambiwa kwamba maneno mafupi huchukua "-er" na marefu huchukua "more", kisha akasema "more strange" na "more large", hajakiuka kanuni aliyopewa. Ameifuata kwa uaminifu, akitumia kipimo alicho nacho. Mwalimu anayemwekea alama ya mkasi bila kumwonyesha kipimo kingine amemwadhibu kwa kutii.

Dawa yake haihitaji kitabu kipya. Piga makofi pamoja na darasa. "Large" ina kofi moja, ijapokuwa ina irabu mbili kwenye maandishi, kwa kuwa ile "e" ya mwisho haitamkwi. "Narrow" ina makofi mawili, "beautiful" matatu. Mtoto aliyezoea kuhesabu mizani ya shairi la tarbia atalielewa zoezi hili kwa siku moja, kwa sababu ni kazi aliyokwisha kuifanya katika somo jingine. Hapo hapo ataelewa kwa nini "big" huzaa "bigger" yenye "g" mbili: ingebaki moja, jicho la Mwingereza lingeisoma ile "i" kama iliyomo katika "tiger". Herufi mbili huilinda irabu fupi. Ndiyo maana "fat" huzaa "fatter", na "late" huzaa "later".

Kuna jambo jingine ambalo Mswahili amejaliwa kulisikia kuliko wanafunzi wengi wa lugha hiyo. "Long", "strong" na "young" huishia kwa sauti ya ng', ile ya ng'ombe. Ukiongeza "-er", sauti hubadilika ikawa ng ya ngoma: "longer", "stronger", "younger". Lakini "singer", yaani mwimbaji, hubaki na ng' yake ile ile. Mjerumani na Mfaransa huhangaika kuipata tofauti hiyo. Sisi tunayo tangu utotoni, hata tumeiwekea ritifaa katika maandishi. Nimesikiliza masomo mengi mno ya matamshi ambamo hazina hii haikuguswa.

Sasa twende kwenye "more better", kosa linalochekwa kuliko yote. Kwa nini mtoto huyasema maneno hayo? Kwa sababu kwa Kiswahili husemwa "bora zaidi", tena ni Kiswahili safi. "Bora" kwetu ni kivumishi cha kawaida: kuna mbegu bora, elimu bora na malezi bora, bila kulinganisha na chochote. Kwa hiyo "bora zaidi" haijirudii. "Better", kwa upande wake, imekwisha kubeba ulinganisho tumboni mwake. Jedwali la safu tatu halimwambii mwanafunzi jambo hilo. Humwambia tu kwamba "more" ni "zaidi" na "better" ni "bora", kisha humwacha aviunganishe mwenyewe, na akiviunganisha humcheka.

Anayecheka na ajue pia kwamba Waingereza wenyewe walisema hivyo kwa karne nyingi. Katika tamthilia ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963 na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, Antony anawaonyesha Warumi jeraha alilolitia Brutus. Hapo Shakespeare anakipa kivumishi kimoja "most" mbele na "-est" nyuma, na uzito wa maneno hayo umo katika huko kurudia. Katika zama zake halikuwa kosa, bali msisitizo. Ni baadaye tu ndipo wanasarufi walipolipiga marufuku. Robert Lowth, aliyekuja kuwa Askofu wa London, alilikemea katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1762. Hata hivyo yeye mwenyewe aliacha mlango mmoja wazi: aliona kwamba katika tafsiri ya kale ya Zaburi, palipowekwa "most" juu ya "highest", urudufu huo ulifaa, kwa kuwa anayesemwa ni Mungu.

Simwambii mwalimu aache kusahihisha. Kiingereza sanifu cha leo hakikubali "more better" katika mtihani wala katika barua ya kuomba kazi, na mwanafunzi anastahili kuambiwa hivyo waziwazi. Ninachokidai ni heshima. Katika Tanzania Bara mtoto wa shule ya serikali husoma miaka yake ya msingi kwa Kiswahili, kisha akiingia sekondari hukuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Somo la kulinganisha linamkuta karibu na kizingiti hicho. Akichekwa hapo, hafungi mdomo kwa vivumishi tu. Hufunga mdomo kwa historia, kwa biolojia na kwa hesabu. Wengi tumewaona watoto waliokuwa wasemaji hodari darasani, ambao baada ya mwezi mmoja wa kidato cha kwanza walikuwa wamejifunza jambo moja tu, kunyamaza.

Hilo ndilo jeraha la upande mmoja. Upande wa pili unatuhusu sisi tunaotunga na kusoma Kiswahili.

Jedwali la safu tatu huwaachia wanafunzi wazo kwamba Kiingereza kina ngazi, na Kiswahili, kwa kukosa viambishi vya ngazi, ni lugha pungufu inayojiziba kwa neno "zaidi". Nimewahi kulisikia wazo hilo kutoka kwa watu wenye shahada. Si kweli hata kidogo. Kiswahili hulinganisha kwa njia nyingi, na karibu zote huonyesha wazi jambo ambalo Kiingereza huweza kulificha: ni nani anayelinganishwa na nani.

Kwanza ni "kuliko". Ukilifumua neno hili utakuta ku- ya mahali, -li ya kuwa, na -ko ya mahali. Asha ni mrefu pale alipo Juma. Yaani simamisha Juma, umsogeze Asha karibu naye, ndipo useme. Neno lenyewe limebeba tendo la kuvisimamisha vitu viwili kando kwa kando, na bila kitu cha pili haliwezi kusimama.

Kisha viko vitenzi: kuzidi, kupita, kushinda. Kwa Kiswahili, kuwa mrefu kuliko mwingine ni jambo mtu analolifanya. Asha anamzidi Juma kimo. Maji yamezidi unga. Mwanafunzi amempita mwalimu wake. Vitenzi hivi hukubali nyakati, ukanushi na minyambuliko yote: alimpita, hajampita, watapitana, wanazidiana kidogo tu. Jaribu kuviweka viambishi "-er" na "-est" katika wakati ujao, uone. Mtu akitaka kueleza kwamba Ziwa Victoria linayashinda maziwa yote ya Afrika kwa eneo, lakini Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, linalizidi kwa mbali kwa kina, na kwamba duniani kote ni Ziwa Baikal tu linaloipita Tanganyika kwa kina, Kiswahili kitayabeba hayo yote bila "zaidi" hata moja.

Tena ziko njia zisizo na neno lolote la kulinganisha. Tunauliza "Nani mkubwa, wewe au dada yako?" na kila mtu anaelewa. Tunasema "kaka yangu mkubwa" pale Mwingereza anapolazimika kulitafuta neno "elder", ambalo nalo ni mabaki ya kivumishi "old" chenye irabu iliyogeuzwa zamani. Tunasema "Huyu ndiye mwimbaji", na lile "ndiye" linawaondoa wengine wote jukwaani. Tunasema "fundi wa mafundi" na "bingwa wa mabingwa". Tunasema pia "Hakuna kama mama", na upeo umekwisha kutajwa.

Historia ya msamiati wetu ina funzo jingine. Kiarabu kina umbo maalumu la kivumishi cha kulinganisha, na Kiswahili kilichota maneno kadhaa ya umbo hilo. "Afadhali", "aghalabu", "akali" na "aula" yote yametokana na huko. Asili ya "afadhali" ni kilicho bora kuliko kingine, ya "aghalabu" ni sehemu iliyo kubwa, ya "akali" ni kilicho kichache kuliko kingine. Tumeyapokea maneno yenyewe, lakini umbo lake hatukulichukua kuwa kanuni. Mswahili hakuanza kuunda vivumishi vyake kwa mtindo huo, kwa kuwa hakuwa na haja. Aliyatia maneno ya kigeni ndani ya utaratibu wake: "afadhali hiki kuliko kile". Hivyo ndivyo lugha yenye afya inavyokopa. Huchukua mali, ikabaki na mwenendo wake.

Mkopo wetu wa siku hizi kutoka Kiingereza ni wa namna nyingine. Neno "zaidi" ni letu kwa muda mrefu, na lina kazi zake halali. "Zaidi ya watu mia" ni sawa. "Anataka zaidi" ni sawa. "Juma ni mrefu, lakini Asha ni mrefu zaidi" ni sawa vilevile, kwa sababu Juma amekwisha kusimamishwa mbele yetu. Kinachonitia shaka ni "zaidi" linalotumwa kufanya kazi ya "-est" peke yake: "mlima mrefu zaidi", "mwanariadha tajiri zaidi", "moja ya miji mikubwa zaidi". Hapa msomaji hajui kama ni wa pili kati ya wawili au wa kwanza kati ya wote. Kiingereza kina alama mbili, "-er" na "-est", za kuitenga maana hiyo. Sisi tumezitupa zote mbili ndani ya neno moja, kisha tukaliondoa "kuliko" lililokuwa likituokoa. Tumenakili jedwali la Kiingereza na kupoteza hata tofauti ambayo jedwali lenyewe liliwekwa kuionyesha.

Mbaya zaidi ya hayo ni ile "mmoja wa washairi wakubwa zaidi", tafsiri ya neno kwa neno ya "one of the greatest". Kiswahili kingetosheka na "miongoni mwa washairi wakubwa", au kama mwandishi ana ujasiri, "washairi waliompita ni wachache". Msemo huu wa mwisho una faida ya kumlazimisha msemaji afikiri. Akishasema ni wachache, msikilizaji atamuuliza ni akina nani.

Mtunzi mwenzangu ataniambia kwamba analitumia "zaidi" kwa sababu ya mizani. Natuhesabu pamoja. Za-i-di: mizani tatu. Ku-li-ko: tatu. Ku-zi-di, ku-pi-ta, ku-shi-nda: tatu, tatu, tatu. Lugha imetupangia maneno matano ya uzito mmoja, kana kwamba ilijua kuwa tutakuja na kisingizio hiki. Kipande cha mizani nane kinaweza kuwa "mrefu kuliko wote", "mrefu kupita wote" au "mrefu kushinda wote", na hakuna kinachopungua wala kuzidi. Kilichobaki ni kina, na anayebanwa na kina cha "-di" bado ana "kuzidi". Mara nyingi "zaidi" linalotokea katikati ya mshororo ni kijazio tu: mtunzi amefika mizani ya tano, hana la kusema, akaokota neno lililo karibu na mkono.

Yapo pia mambo ambayo hayataki ngazi yoyote. Pale Kiingereza kinapomwita Mungu kwa "most" na "high", Biblia ya Kiswahili imemwita "Aliye Juu", basi. Waislamu wanapoifasiri takbira, husema "Mungu ni Mkubwa", ijapokuwa neno la Kiarabu lina umbo la kulinganisha. Sidhani kwamba wafasiri hao walishindwa kupata "zaidi". Waliona kwamba asiye na mfano halinganishwi. Kiingereza nacho kina ubishi wake wa namna hii, maana wako wasemao kwamba "perfect" haikubali "more", kwa kuwa kamili haiwi kamili zaidi. Lakini utangulizi wa Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 uliyaweka maneno hayo mawili pamoja, na nchi ikaundwa juu yake. Mshairi anaposifu, ajiulize kwanza kama anayemsifu ana mshindani. Kama hana, kivumishi kitupu humtukuza kuliko kivumishi chenye ngazi.

Nazijua pingamizi mbili zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba lugha hubadilika, na "mlima mrefu zaidi" imekwisha kuenea hata kutiwa vitabuni. Nakubali kwamba imeenea, wala sitegemei irudi ilikotoka kwa sababu ya makala moja. Lakini badiliko linalotuondolea tofauti ya maana si sawa na badiliko linalotuongezea. Washairi hawakuajiriwa na yeyote kufuata msemo ulioenea. Kazi yao, tangu zamani, imekuwa kuyaweka hai maneno ambayo soko limeyasahau.

Pingamizi ya pili ni ya walimu: mtihani hauulizi maana, huuliza umbo. Mtoto huambiwa ageuze sentensi kutoka hali moja hadi nyingine, na anayejua jedwali hupata alama. Ni kweli. Lakini katika maswali hayo ya kugeuza sentensi ndimo anayekariri anamoangukia. Akiambiwa aeleze kwa "no other" jambo lililosemwa kwa "the tallest", jedwali halimsaidii kitu, kwa kuwa linamwonyesha neno moja moja tu. Mtoto aliyezoea kusema "Hakuna mwanafunzi anayemzidi Asha kimo" ana sentensi nzima mkononi. Anachohitaji ni kuivusha tu.

Kwa hiyo napendekeza mpangilio mwingine wa somo. Waite wanafunzi wawili mbele, kisha watatu. Waulize wenzao, kwa Kiswahili, wanawaonaje. Wape nafasi ya kutumia kuliko, kuzidi, kupita na ndiye, na yaandike ubaoni majibu yao kama walivyoyasema. Kisha waonyeshe kwamba Mwingereza hutazama idadi kwanza: wakiwa wawili hutumia "-er", wakifika watatu na kuendelea, akawa amemteua mmoja, hutumia "-est" na kuitanguliza "the". Baada ya hapo waeleze "than". Wako watakaoandika "then", na usiwakasirikie, kwani maneno hayo mawili yalikuwa neno moja katika Kiingereza cha kale. Watenganishie tu kazi zake za leo. Ndipo yaje makofi ya silabi, "g" mbili za "bigger", na mwishoni kabisa yale machache yasiyo na kanuni. Jedwali lichorwe siku ya mwisho, kama muhtasari wa wanachokijua, na mstari wake wa Kiswahili uandikwe upya: Asha ni mrefu, Asha anampita Juma kwa urefu, Asha ni mrefu kuliko wote.

Mpangilio huu hauchukui vipindi vingi kuliko ule wa kuimba safu, na humtoa mwanafunzi akiwa amezipata lugha mbili badala ya nusu mbili za lugha.

Kwenu malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, ombi langu ni dogo. Chukueni tungo zenu tatu za mwisho, mziangalie kwa kalamu nyekundu. Kila mnapokuta "zaidi", liulizeni: kuliko nani? Likijibu, liacheni likae. Lisipojibu, jaribuni kuweka kuliko, kupita, kushinda au kuzidi, mtazame kama ubeti hautasema jambo ambalo hamkuwa mmekusudia kulisema. Na mkipata mfano wa njia ya kulinganisha inayotumika kwenu, katika lahaja yoyote, ambayo sikuitaja hapa, ileteni tuisome sote.